Salio la kadi lisibaki Uarabuni

WANAOREJEA kutoka nchi za Ghuba huteremka Entebbe wakiwa na mizigo mingi: mablanketi, vyombo vya jikoni, simu za ndugu na zawadi za watoto. Ndani ya pochi za wengi wao imo pia kadi ndogo ya plastiki yenye nembo ya Visa au Mastercard. Ndiyo kadi waliyokuwa wakilipiwa mshahara.

Wakifika nyumbani Jinja au Mbale, kadi hiyo huwekwa sandukuni pamoja na pasipoti iliyojaa mihuri. Ukimuuliza mwenyewe imebaki na kiasi gani, atakujibu: “Kidogo tu.”

Hicho “kidogo tu” ndicho tunachotaka kukizungumzia leo. Na kwa kuwa wafanyabiashara wetu wanaovuka mpaka, na hata wanaokwenda Dubai kununua bidhaa, nao wanashawishiwa kuchukua kadi za namna hiyo, tunaona ni wakati mwafaka kuzitazama vizuri, faida na hasara zake.

Kwanza tusahihishe jina. Watu wengi huziita kadi za mkopo kwa sababu ya nembo iliyo juu yake. Hazina mkopo wowote. Kadi ya mkopo hukupa fedha ya benki ukailipe baadaye pamoja na riba. Kadi ya kulipia kabla hufanya kazi kama umeme wa Yaka: unajaza fedha yako mwenyewe, unatumia mpaka iishe, usipojaza tena unakaa gizani. Hakuna anayekukopesha, na kwa hiyo hakuna atakayekuja kukudai.

Lakini vilevile, kwa kuwa hukukopa, hujajenga jina lolote benki. Mtu anaweza kutumia kadi ya aina hiyo miaka mitano bila kosa hata moja, na siku akienda kuomba mkopo wa kununulia mtambo wa kusaga mahindi, atahesabiwa kama mgeni. Hilo wauzaji wa kadi hawalisemi.

Tuzitendee haki, faida zake ni za kweli. Mfanyabiashara anayepanda basi la usiku kwenda Nairobi kununua mitumba amezoea kufunga noti kwenye kitambaa kiunoni, na hapati usingizi. Akiibiwa, ameibiwa mtaji wote. Mwenye kadi akiibiwa huwapigia waliomtolea, kadi ikafungwa, na fedha yake ikabaki palepale. Mwizi anaondoka na kipande cha plastiki ambacho bila namba ya siri hakimfikishi mbali.

Faida nyingine ni kwa anayenunua vitu kwa intaneti. Akitumia kadi ya akaunti yake kuu, tapeli akiipata namba anaweza kuifikia akiba yote. Akitumia kadi aliyoijazia dola 150 za mzigo mmoja, hasara yake kubwa kabisa ni hizo 150. Mzazi mwenye mtoto anayesoma India naye anaelewa jambo hili: humjazia cha mwezi, kijana akajifunza kuhesabu.

Faida kubwa kuliko zote, hata hivyo, imepatikana kwa wafanyakazi wa Ghuba. Falme za Kiarabu zilianzisha mfumo wa kulinda mishahara mwaka 2009, ambao uliwataka waajiri walipe kupitia benki na taasisi za fedha zilizoidhinishwa ili serikali ione nani kalipwa na nani hakulipwa. Qatar ilifuata mwaka 2015. Maelfu ya vibarua ambao benki hazikutaka kuwafungulia akaunti kamili walipewa kadi za kulipia kabla, mshahara ukawa unaingizwa humo.

Wafanyakazi wa majumbani walichelewa kuingizwa katika utaratibu huo. Saudi Arabia, ambako dada zetu wengi wamekwenda, iliagiza kuwa kuanzia tarehe 1 Julai 2024 mishahara ya mikataba mipya ya watumishi wa nyumbani ilipwe kwa njia za kielektroniki kupitia jukwaa la Musaned, kisha waajiri wengine wakaingizwa hatua kwa hatua.

Aliyewahi kudhulumiwa anajua uzito wa jambo hili. Zamani mwajiri alisema, “Nilikupa mkononi,” na mfanyakazi akasema, “Hukunipa,” na hakuna karatasi ya kumaliza ubishi. Malipo yakipita kwenye kadi, tarehe na kiasi vinabaki vimeandikwa.

Sharti lake ni kwamba kadi na namba ya siri vikae kwa mfanyakazi. Mwajiri anayesema atakutunzia kadi, au wakala anayetaka umwachie namba ya siri “ili akusaidie”, amekurudisha kulekule kwenye malipo ya mkononi. Tena ni vibaya zaidi, maana sasa kumbukumbu zitaonyesha kuwa ulilipwa.

Sasa tuingie kwenye hasara, na hapa hatutapita haraka.

Kadi hizi haziishi kwa riba kama mikopo. Huishi kwa ada. Kuna ada ya kuitoa, ada ya kuijaza, ada ya kutoa fedha kwenye mashine, wakati mwingine hata ada ya kuuliza salio, ada ya kubadili fedha ya nchi moja kuwa ya nyingine, na ada ya kadi iliyokaa bila kutumika. Si kila kadi ina zote. Ila ada hizi zina tabia moja: nyingi hazitazami kama una nyingi au una kidogo.

Tuchukue mfano, na huu ni mfano tu wa hesabu. Tuseme kadi inatolewa kwa dola 10, kujaza ni asilimia 1, na kila ukitoa fedha kwenye mashine unakatwa dola 3. Tajiri anayekwenda Dubai na dola 2,000, akanunua kwa kadi moja kwa moja katika maduka yasiyoongeza ada, atapoteza dola 10 na dola 20: jumla 30. Mama mwenye dola 200 akizitoa kidogo kidogo mara tano atapoteza dola 10, dola 2 na dola 15: jumla 27. Wamekatwa karibu sawa, ilhali mtaji wa mmoja ni mara kumi ya wa mwenzake. Kwa tajiri ni senti moja na nusu katika kila dola. Kwa mama ni zaidi ya senti 13. Biashara gani ya sokoni inabeba mzigo huo?

Kwenye kubadili fedha kuna mtego mwingine. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwa dola moja kwa dirhamu 3.6725 tangu mwaka 1997, na riyali ya Saudi Arabia iko 3.75. Kwa hiyo anayekwenda huko na kadi iliyojazwa dola anajua takriban atapata nini. Aliyejaza shilingi za Uganda hubadilishiwa mara mbili, kutoka shilingi kwenda dola, kisha dola kwenda dirhamu, na kila daraja lina mlinzi wake anayedai chake.

Tena ukifika dukani, mashine inaweza kukuuliza kama unataka kulipa kwa fedha ya nyumbani au kwa dirhamu. Watu wengi huchagua shilingi kwa sababu wanaielewa. Hapo mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha, na hajipangii hasara. Chagua fedha ya nchi uliyomo.

Na kwa hapa mpakani? Tusidanganyane. Anayevusha nyanya, mayai au maharage Busia na Malaba, au anayetoka Mbale kupitia Lwakhakha kwenda upande wa Bungoma, kadi hii haimfai sana. Anayemuuzia hana mashine ya kadi na haitaki. Kwenye mpaka huu uliotuzalia bodaboda, fedha hutembea kwa noti na kwa simu. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomruhusu mwenye bidhaa za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 kuvuka kwa cheti kifupi cha asili, ulitengenezwa kwa ajili ya watu hawahawa, na hawa kwanza wanataka fedha inayoonekana.

Majirani zetu wa Kenya walikwisha kujaribu kulazimisha kadi. Mwaka 2013 Google na Benki ya Equity zilileta BebaPay, kadi ya kujaza fedha ya kulipia nauli ya matatu jijini Nairobi, na mwaka 2014 serikali ikataka matatu zote ziache kupokea noti. Makondakta hawakuitaka. Siku yao ilihitaji fedha mkononi, ya mafuta, ya chakula na ya mengine ambayo sote tunayajua. Abiria nao hawakuona kwa nini wabebe kadi wakati simu yenye M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikuwa tayari mfukoni. Mwaka 2015 Google ikaifunga BebaPay.

Simu yenyewe, tukiitazama vizuri, ni kadi ya kulipia kabla isiyo na plastiki. Unajaza kwa wakala, unatumia, inaisha. MTN ilileta huduma hiyo Uganda mwaka 2009, na mwaka 2015 MTN na Vodafone zilitangaza kuunganisha huduma zao ili mtu wa M-Pesa Kenya aweze kumtumia mtu wa MTN Uganda. Kwa muuza vitenge wa Jinja anayedaiwa na tajiri wa Eldoret, hiyo ni karibu zaidi kuliko Visa.

Nayo ina miiba yake. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza kodi ya asilimia 1 kwenye fedha za simu, kuweka, kutuma na kutoa. Wananchi wakapiga kelele, na baadaye mwaka huo ikashushwa kuwa asilimia 0.5 ya fedha zinazotolewa. Aliyetoa fedha yake dirishani benki hakuguswa. Fedha ni ileile, ila ilitozwa kwa kuangalia imetokea mlango gani, na mlango uliotozwa ndio ule wa watu wadogo.

Kisha kuna suala la mtandao. Siku ya kupiga kura, tarehe 18 Februari 2016, huduma za fedha za simu zilizimwa kwa amri ya mamlaka ya mawasiliano. Januari 2021 intaneti nzima ikafungwa wakati wa uchaguzi. Oktoba 2020 MTN, Airtel na benki ya Stanbic zilitangaza kusimamishwa kwa uhamishaji wa fedha kati ya simu na benki baada ya mfumo wa kampuni ya kati kuingiliwa. Siku kama hizo aliyeweka kila kitu kwenye kadi au simu hukaa stendi ya mabasi akiwa na utajiri asioweza kununulia chai. Noti za nauli na chakula cha siku mbili zisikosekane mfukoni.

Wala tusidhani ni matatizo ya kwetu tu. Marekani, Oktoba 2015, watumiaji wa kadi moja ya kulipia kabla iitwayo RushCard waliamka wakakuta hawawezi kufikia fedha zao baada ya kampuni kubadili mitambo. Wengi walikuwa watu wa mshahara mdogo, wasio na akaunti nyingine. Februari 2017 idara ya serikali inayolinda watumiaji wa huduma za fedha iliamuru kampuni yenye kadi na Mastercard walipe dola milioni 13, sehemu kubwa ikiwa fidia kwa walioumia. Uingereza, mwishoni mwa Juni 2020, kampuni ya Ujerumani ya Wirecard ilipoanguka, kadi zilizotegemea tawi lake la huko zilizuiwa kwa siku kadhaa. Wenye kadi wengi hawakuwahi hata kulisikia jina la Wirecard, kwa kuwa kwenye kadi zao liliandikwa jina jingine.

Hapo pana somo kwa anayenunua kadi Jinja au Mbale leo. Nembo ya Visa au Mastercard inakuonyesha itakubaliwa wapi tu. Anayeshika fedha yako ni mwingine, na jina lake kwa kawaida liko nyuma ya kadi kwa maandishi madogo. Kama ni benki yenye leseni ya hapa, una pa kwenda kulalamika. Kama ni kampuni ya mbali inayojulikana kwa anwani ya intaneti pekee, utakwenda kwa nani?

Turudi sasa kwa aliyerejea na kadi yake sandukuni.

Kadi ya mshahara mara nyingi imefungamana na mwajiri. Mkataba ukiisha na kibali cha kukaa kikifutwa, inaweza kufungwa. Hata isipofungwa ina tarehe ya mwisho iliyochapishwa juu yake. Na hata tarehe ikiwa mbali, kama kuna ada ya kadi isiyotumika, “kidogo tu” kinaliwa kimyakimya. Salio la dirhamu 60 likikatwa dirhamu 5 kila mwezi linamalizika katika mwaka mmoja, bila mtu kuiba na bila mtu kupigiwa simu.

Lipo jambo moja dogo linalowaangusha wengi. Ukitaka kuangalia salio au kuhamisha fedha, mtambo hukutumia namba za siri kwa ujumbe wa simu. Ujumbe huo huenda kwenye laini uliyojiandikishia, yaani ile ya Riyadh au ya Dubai. Ukishatua Entebbe laini hiyo ni mfu. Fedha zipo, kadi unayo, namba ya siri unaikumbuka, lakini mlango haufunguki kwa sababu ufunguo unatumwa kwenye namba isiyokuwapo.

Kwa hiyo kazi ya kadi inamalizika kabla ya kupanda ndege. Wiki mbili kabla, uliza salio, omba taarifa ya malipo yote tangu uanze kazi na uihifadhi, maana ndiyo ushahidi wako kama kuna mwezi haukulipwa. Hakikisha mshahara wa mwisho umeingia kabla ya kibali kufutwa, kisha utume salio lote nyumbani au ulitoe. Kama ni lazima ubaki na kadi, badilisha namba ya simu ukiwa bado huko.

Hayo ni ya mwananchi. Lakini si haki kumtwisha yeye peke yake. Kampuni zinazopeleka watu nje kwa leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii huwapa mafunzo kabla ya kuondoka. Huwafundisha kutumia jiko la umeme na kusalimu kwa Kiarabu. Gazeti hili linashauri saa moja ya mafunzo hayo iwe ya kadi: kuishika, kuisoma, kukataa kuitoa, na kuimaliza. Msichana aliyetoka Sironko au Kamuli ambaye hajawahi kusimama mbele ya mashine ya fedha hawezi kujifunzia jambo hilo nyumbani kwa mwajiri, huku anayemfundisha ndiye anayemlipa.

Kwa Benki Kuu ya Uganda tuna ombi la wazi zaidi. Mwongozo wake wa mwaka 2011 wa kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha ulikwisha kuzitaka benki zieleze bei na masharti kwa uwazi. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya mwaka 2020 nayo imeweka masharti kwa wanaotoa fedha za kielektroniki, ikiwa ni pamoja na kuziweka fedha za wateja katika akaunti ya amana na kushughulikia akaunti zilizolala. Msingi upo. Ada zote za kadi na ziandikwe kwenye ukurasa mmoja kabla mteja hajalipa, kwa lugha anayoisoma: Kiswahili, Lusoga, Lumasaba. Marekani walifanya hivyo kwa kadi hizi kuanzia Aprili 2019, kwa fomu fupi inayotaja ada kuu. Sisi hatuhitaji kusubiri RushCard yetu.

Na ukurasa huo uwe na mstari unaokosekana mara nyingi: kadi ikiisha muda, salio linarudi vipi kwa mwenyewe, kwa siku ngapi, na kwa gharama gani. Fedha ya mtu haikomi kuwa yake kwa sababu plastiki imechakaa.

Suala la kadi za Ghuba ni gumu zaidi kwa kuwa waliozitoa hawako chini ya sheria zetu. Hata hivyo Uganda ina balozi Riyadh na Abu Dhabi, na ina mazungumzo ya mara kwa mara ya mikataba ya kazi na nchi hizo. Kwenye mazungumzo hayo liongezwe jambo hili: salio la mfanyakazi aliyeondoka litumwe kwenye akaunti au namba ya simu ya nyumbani aliyoiandika siku ya kuajiriwa, bila kusubiri aombe.

Benki Kuu ina ofisi Jinja, na Mbale pia. Waliorejea wakiwa na kadi zenye salio waanze kwa kuandika majina ya watoaji yaliyo nyuma ya kadi, namba nne za mwisho tu na wala si zote, na tarehe ya mshahara wa mwisho, kisha wapeleke maandishi hayo kwenye kampuni iliyowapeleka na nakala wizarani. Kadi yenyewe wasimpe mtu yeyote anayedai anaweza kuifungua.